Pedi, fimbo au kibodi: kidhibiti gani kitangazwe pamoja na gemu ya mapigano?

Swali: Sisi ni vijana watatu wa Morogoro, na tunatengeneza gemu ya mapigano ya kompyuta ambayo watu wawili hadi wanne hupigana kwenye skrini moja. Tumekwama kwenye vidhibiti. Mwenzangu mmoja anataka tuitengeneze kwa pedi ya kawaida na kuishia hapo. Mwingine, ambaye hufuatilia mashindano ya nje, anasema bila fimbo ya akedi (ile ya mashine za gemu za kumbini) na pedi ya GameCube, konsoli ya zamani ya Nintendo, hakuna mchezaji makini atakayetutazama. Mimi naona watu wengi wanaotuzunguka wana kibodi tu. Je, tuchague kipi, na katika matangazo tuseme nini kuhusu jambo hili? Na je, kuna faida ya kuuza pedi yenye nembo ya gemu yetu?

Jibu:

Ndugu yangu, ninyi watatu hampingani sana kama mnavyodhani, kwa sababu kila mmoja anamzungumzia mchezaji wake. Ubishi unatokana na kukichukulia kidhibiti kana kwamba huchaguliwa kwa ubora, ilhali mchezaji wa gemu za mapigano hushika kile ambacho vidole vyake vilizoeshwa na gemu aliyoanzia, na akishakizoea hakiachi hata kama hakiuzwi tena madukani. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba gemu yenu ikubali kila kidhibiti ambacho mtu atakichomeka, isawazishwe kwa pedi ya kawaida, na suala la vidhibiti lisiwe kichwa cha tangazo bali liwe habari fupi na ya uhakika inayomfikia kila mchezaji pale anapoitafuta. Nitaeleza sababu, na nitakaa zaidi kwenye mfano wa Nintendo, kwa kuwa gemu ya watu wanne kwenye skrini moja ni ya ukoo huo.

Super Smash Bros., gemu ya mapigano ya Nintendo ambayo wengi huiita Smash, ilitoka mwaka 1999 kwenye konsoli ya Nintendo 64, na mwaka 2001 ikafuata toleo la pili, Melee, kwenye GameCube. Melee ndiyo iliyowafunga watu na pedi ya GameCube. Konsoli ya Wii, iliyotoka mwaka 2006, ilikuwa bado na matundu manne ya pedi hiyo, kwa hiyo toleo la tatu, Brawl, lilipokuja mwaka 2008 likiwa na njia nne tofauti za kulichezea, wachezaji wengi wa mashindano waliendelea na pedi yao ya zamani bila shida. Taabu ilianza na Wii U ya mwaka 2012, ambayo haikuwa na matundu hayo. Nintendo ilikuwa na kila sababu ya kuwaambia watu wahamie kwenye vifaa vipya: Wii U ilikuwa na pedi yake kubwa yenye skrini, ilikuwa na Pro Controller nzuri tu, na Smash yake ilikubali hata rimoti ya Wii na konsoli ndogo ya 3DS zitumike kama pedi. Badala yake, mwaka 2014 kampuni ilitangaza adapta yenye matundu manne ya pedi za GameCube, ikatoa upya pedi yenyewe ikiwa na nembo ya Smash, na vyote viwili vikaingia madukani sambamba na gemu mwezi Novemba. Adapta iliuzwa Marekani kwa dola 19.99. Ilikuwa na plagi mbili za USB, moja ya mawasiliano na nyingine ya umeme wa mtetemo, na kwenye Wii U ilikusudiwa gemu hiyo moja tu. Kifaa kizima kilitengenezwa kwa ajili ya gemu moja, ili pedi iliyotoka miaka 13 nyuma iendelee kushikwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba hayo yalikuwa mapenzi ya vitu vya kale, lakini ukiishika pedi hiyo utaona kuna zaidi. Ukingo wa plastiki unaokizunguka kijiti cha kushoto, au analogi kama wachezaji wengi wanavyoiita, una pembe nane. Gumba likikisukuma kijiti hadi mwisho, kinatulia kwenye pembe, na mchezaji anajua kwamba ameelekeza juu upande wa kulia sawasawa bila kutazama mkono wake. Kitufe cha A ni kikubwa na kimekaa katikati; B, X na Y vimekizunguka vikiwa na maumbo tofauti, hivyo gumba la kulia huvitambua kwa kupapasa. Kijiti kidogo cha njano kilicho upande wa kulia, katika mapambano ya Melee, hutoa pigo zito kuelekea upande kinakosukumwa, bila kuhitaji kitufe kingine. Vitufe vya mabegani vya L na R huhisi kiasi cha mkandamizo, na ngao ya mpiganaji hubadilika kwa kadiri unavyobonyeza. Mtu aliyecheza hivyo kwa miaka hajali kama pedi nyingine haina waya au ina betri ya kudumu. Anachojua ni kwamba akipewa pedi hiyo nyingine, mpiganaji wake anaruka asipotaka na anakinga akiwa amechelewa.

Sasa tazama namna jambo hilo lilivyoelekezwa kwa watu. Kwa mnunuzi wa kawaida, kilichouzwa kilikuwa Mario, Link na Pikachu kupigana kwenye uwanja mmoja, na kwenye Wii U hata watu wanane kwa mpigo. Kwa mchezaji wa Melee, habari ya adapta ilikuwa na uzito kuliko trela yoyote, kwa sababu ilimhakikishia kwamba ujuzi wake hautatupwa. Ikumbukwe kwamba mwaka 2013 kampuni hiyohiyo ilijaribu kuzuia Melee isionyeshwe mtandaoni kutoka kwenye Evo, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, kisha ikabadili uamuzi muda mfupi baadaye wachezaji walipopiga kelele. Adapta ilikuja mwaka uliofuata, na mimi naisoma kama suluhu: kampuni haikuomba radhi kwa maneno, ila ilitoa kifaa.

Hata hivyo, msije mkaipa adapta sifa isiyo yake. Wii U iliishia kuuza konsoli milioni 13 na nusu hivi duniani kote, na Smash yake nakala milioni tano na ushei. Brawl kabla yake ilikuwa imepita nakala milioni 13 kwenye konsoli iliyouzwa zaidi ya milioni 100, na Smash Ultimate ya mwaka 2018, iliyochezwa kwenye konsoli ya Switch kwa adapta ya aina ileile, imepita milioni 30. Adapta ilikuwapo katika kushindwa na ikawapo katika kushinda. Kidhibiti kinachozoeleka humrudisha mchezaji wa zamani, lakini hakimleti mgeni, wala hakiuzi mashine ambayo watu hawaitaki. Hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzako anayefuatilia mashindano.

Anachosema kuhusu fimbo ya akedi kina ukweli wake wa kihistoria. Street Fighter II iliingia kwenye kumbi za akedi mwaka 1991 ikiwa na fimbo na vitufe sita, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke. Ilipohamia nyumbani mwaka 1992 kwenye Super Nintendo, pedi ya konsoli hiyo ilikuwa na vitufe vinne usoni na viwili mabegani, kwa hiyo sita vilitimia, ingawa ngumi nzito na teke zito vililazimika kuhamia mabegani. Sega ilikuwa na pedi ya vitufe vitatu. Ilipopata Street Fighter II yake mwaka 1993 ilileta pedi mpya ya vitufe sita, na aliyebaki na ile ya zamani alilazimika kubonyeza Start kila alipotaka kuhama kutoka ngumi kwenda mateke, jambo ambalo katikati ya pambano ni sawa na kusalimu amri. Huo ni mfano wa wazi wa gemu ya mapigano kuuza pedi, lakini angalieni ni gemu ipi: ilikuwa tayari imeitikisa dunia kwenye kumbi za akedi kabla mtu hajaombwa kununua kifaa cha nyongeza.

Tekken ilipita njia nyingine. Ina vitufe vinne, na kila kimoja ni kiungo kimoja cha mwili: mraba ni ngumi ya kushoto, pembetatu ngumi ya kulia, X teke la kushoto na duara teke la kulia. Pedi ya PlayStation ina vitufe vinne usoni, kwa hiyo hakuna kilichopotea katika kuhama kutoka akedi hadi sebuleni. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Tekken 3 ikae vizuri katika vibanda vya gemu vya Afrika Mashariki, ambako mtoto alikabidhiwa pedi iliyochakaa, akaambiwa vitufe vinne, na kabla ya raundi ya pili alikuwa anapigana. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kwa jina la QueenArrow na aliyewahi kusajiliwa na timu ya kimataifa, jina lake alilipata kwenye Tekken. Kumbi za akedi zilizowalea Wajapani na Wamarekani huku kwetu hazikuwa na nafasi kubwa. Sisi tulilelewa na pedi, na anayetutengenezea gemu kwa kudhani tunaota fimbo atakuwa ameiga mazoea ya watu wengine.

Tena si kweli kwamba mchezaji makini ni mwenye fimbo. Kwenye Evo ya mwaka 2014 huko Las Vegas, Mfaransa anayeitwa Luffy alitwaa ubingwa wa Ultra Street Fighter IV akitumia pedi ya PlayStation ya kwanza kabisa, iliyounganishwa kwa adapta, mbele ya ukumbi uliojaa fimbo za bei kubwa. Miaka ya karibuni wachezaji wengi wa ngazi ya juu wamehamia kwenye ubao wa vitufe vitupu usio na fimbo, ambao kila upande wa kuelekea una kitufe chake na kuruka hufanywa kwa gumba. Kwa hiyo ndani ya kizazi kimoja, kifaa cha wenye ujuzi kimekuwa fimbo, pedi, kisha vitufe vitupu. Mkisawazisha gemu yenu kwa kufuata kifaa cha msimu, mtakuwa mnaikimbilia shabaha inayohama.

Kundi ambalo mwenzako halitaji kabisa, na ambalo ndilo kubwa, ni la watu wanaozipenda gemu za mapigano kwa kuzitazama lakini wanaamini kwamba mikono yao haitaziweza. Masahiro Sakurai, mbunifu wa Smash, amewahi kusimulia jinsi alivyowahi kuwachapa bila huruma watu wawili waliokuwa wakijifunza The King of Fighters '95 kwenye ukumbi wa akedi, akaondoka bila furaha ya ushindi. Smash aliyoibuni baadaye haina michoro ya kuzungusha kijiti. Pigo maalumu ni kitufe kimoja pamoja na upande. Mrusho wa moto wa Street Fighter, kwa upande mwingine, unadai chini, chini-mbele, mbele, kisha ngumi, vyote ndani ya muda mfupi kuliko unaohitajika kuvitamka, na wengi wamekwama hapo tangu utotoni.

Capcom, kampuni inayotengeneza Street Fighter, ilichelewa kulikabili jambo hili kwa ukamilifu, lakini Street Fighter 6 ya Juni 2023 ililifanya vizuri kuliko gemu yoyote kubwa ninayoijua. Ilitoa mfumo wa udhibiti unaoitwa Classic, ule wa vitufe sita, na mwingine unaoitwa Modern, ambao pigo maalumu hutoka kwa kitufe kimoja na upande. Anayechagua Modern hulipa gharama: baadhi ya mapigo ya kawaida hayapati, na pigo maalumu alilolitoa kwa njia ya mkato hupungua nguvu kwa asilimia 20. Gharama hiyo ipo wazi, na ndiyo iliyofanya wakongwe wengi wavumilie kukutana mtandaoni na mtu wa Modern, ingawa manung'uniko hayakukosekana. Jina lenyewe pia lina busara, kwa kuwa haliwaiti watu wanaoanza au wasioweza. Mtu mzima hapendi kubonyeza kitufe kinachomtangaza kuwa dhaifu mbele ya marafiki zake. Na wakongwe hawakukimbia: miezi miwili baadaye, Evo ya 2023 ilipata washiriki zaidi ya 7,000 katika Street Fighter 6 peke yake, na bingwa akawa AngryBird wa Falme za Kiarabu.

Hili ndilo mnalopaswa kuliamua kabla hamjaandika hata neno moja la tangazo: gemu yenu ina michoro ya kuzungusha kijiti au haina? Kama haina, mmeshashinda nusu ya vita, kwa sababu pedi, kibodi na ubao wa vitufe vitakaribiana kwa usawa, na pale kijiti cha analogi kinapohitaji pande nane tu, kibodi haiachwi nyuma sana. Kama inayo, basi mtahitaji njia mbili za udhibiti, na kila moja iwe na gharama yake ndani ya pambano.

Nije kwenye kibodi yako, ambayo nakubaliana nawe kwamba haiepukiki. Kibodi nyingi za bei nafuu zimeunganishwa ndani kwa mistari ya kwenda chini na ya kwenda pembeni, na vitufe vitatu vikibonyezwa kwa pamoja katika pembe za mstatili mmoja, kibodi hushindwa kutambua kama cha nne nacho kimebonyezwa. Ili isikosee, inakataa kimoja. Watu wawili wakishiriki kibodi moja, mmoja akiruka kuelekea mbele huku akipiga, mwenzake anaweza kubonyeza ngao na ngao isitoke. Atalaumu gemu yenu, na hatakuwa na kosa kwa kulaumu. Zijaribuni kibodi kadhaa za kawaida, zile za laputopu zikiwamo, kisha mchague vitufe vya mwanzo ambavyo havigongani sana. Wekeni pia ukurasa mdogo wa majaribio unaowaka kila kitufe kinapopokelewa, ili mchezaji aone mwenyewe kwamba tatizo liko kwenye kifaa. Watu wawili kwa kibodi moja ni ahadi mnayoweza kuitetea. Watu wanne kwa kibodi moja msiitangaze kamwe.

Kibodi ina jambo jingine ambalo pedi haina. Mtu anaweza kubonyeza kushoto na kulia kwa wakati mmoja, na gemu isipokuwa na kanuni, mchezaji mjanja atapata njia ya kukinga pande zote au kugeuka kwa kasi isiyowezekana kwa kijiti. Ubao wa vitufe vitupu una tabia hiyohiyo, na kwa sababu hiyo waandaaji wa mashindano, Capcom ikiwamo, wameweka kanuni juu yake. Njia rahisi na ya haki ni pande mbili zinazopingana kufutana. Liandikeni jambo hilo ndani ya gemu yenyewe, msiliachie kifaa.

Kwa upande wa pedi, adui yenu mkubwa atakuwa pedi isiyo na jina inayouzwa Kariakoo au kwenye mtaa wowote wa vifaa vya umeme. Kompyuta huiona kama kifaa cha kigeni, vitufe vyake vina namba zisizo na mpangilio, na ukibonyeza cha kupiga, mpiganaji anasimamisha gemu. SDL, maktaba huria ya programu kwa watengenezaji wa gemu, ina hifadhi kubwa ya ramani za pedi za namna hiyo, ikijazwa na watumiaji wenyewe. Itumieni, na kwa pedi ambayo haimo, gemu imuulize mchezaji abonyeze kitufe kimoja kimoja kisha ikumbuke. Ruhusuni kila mtu apange vitufe vyake na kuvihifadhi kwa jina lake, kama Smash ifanyavyo tangu Brawl, ambapo mchezaji akichagua jina lake kwenye konsoli yoyote aliyoliandikisha anakuta vitufe vyake vikimsubiri, hata kama ni yule asiyetaka kuruka kwa kusukuma kijiti juu. Wekeni kipimo cha eneo la katikati ambalo kijiti hakihesabiwi, kwa sababu analogi za zamani hujisogeza zenyewe na mpiganaji huanza kutembea bila kuguswa. Kitufe cha kusimamisha gemu kihitaji kushikiliwa kwa muda, au kiweze kuzimwa kabisa: katika mashindano, anayesimamisha pambano kwa bahati mbaya anaweza kupoteza raundi, na pedi isiyo na waya iliyosahaulika kwenye begi la mtu aliyemaliza mechi inaweza kuvuruga mechi ya watu wengine. Tena waya ukichomoka katikati ya pambano, gemu isimame, na mwenye pedi akiirudisha aikute nafasi yake bila kulazimika kurudi mwanzo.

Kisha pimeni uchelewaji. Gemu za aina hii huendeshwa kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, yaani kila fremu huchukua takriban milisekunde 16.7, na mchezaji aliyezoea huhisi fremu mbili au tatu zilizoongezeka hata kama hawezi kukueleza alichokihisi. Mkishapata mwendo unaowaridhisha wanaojaribu, uacheni. MultiVersus ya Warner Bros. iliingia mwaka 2022 ikiwa ya bure na yenye wahusika maarufu, ikapata wachezaji zaidi ya milioni 20, ikafungwa mwaka 2023 ili itengenezwe upya, na iliporudi Mei 2024 malalamiko makubwa mojawapo yalikuwa kwamba imekuwa nzito mkononi. Mwaka 2025 ilizimwa. Sisemi mwendo ndio ulioiua peke yake, kwa kuwa ilikuwa na magonjwa mengine, lakini wahusika wote wale hawakutosha kumshawishi mtu ambaye vidole vyake vilikumbuka gemu nyingine.

Hayo yakiwa tayari, matangazo yenyewe ni kazi nyepesi. Trela yenu iuze wapiganaji, uwanja na kicheko cha watu wanne walioketi mbele ya skrini moja. Pedi ionekane mikononi mwao bila kutajwa, na ikiwezekana mmoja wao awe na kibodi mapajani, ili mwenye kibodi ajione yumo. Mahali penye nafasi ya sekunde tano, onyesheni mkono mmoja kwa karibu ukibonyeza kitufe kimoja na upande, kisha pigo kubwa kwenye skrini. Mtu anayeogopa gemu za mapigano ataelewa hapohapo, na hamtahitaji kumwandikia kwamba gemu ni rahisi. Neno rahisi, kwa kweli, liepukeni, kwa kuwa linamfukuza mkongwe na halimthibitishii mgeni chochote.

Habari ya fimbo, ubao wa vitufe na adapta ya GameCube iende kwenye ukurasa wa dukani na kwenye makundi ya wachezaji wenyewe, ikiandikwa kwa sentensi zinazoweza kuhakikiwa: vifaa gani vimejaribiwa, kwamba vitufe vyote hupangwa upya, kwamba pande zinazopingana hufutana, na kifaa gani, kama kipo, kinahitaji programu ya nje. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, humtaka mtengenezaji aeleze gemu yake inakubali pedi kwa kiwango gani, na mnunuzi huliona jambo hilo kabla ya kulipa. Msijaze kwamba mnakubali kikamilifu iwapo kuna hata menyu moja inayohitaji kipanya. Mkongwe mmoja akichomeka kifaa chake akakuta kinafanya kazi mara ya kwanza, ataliandika hilo kwenye kundi lake, na mtapata tangazo ambalo hamkulilipia. Kinyume chake pia hutokea, tena kwa kasi zaidi. Ndiyo maana naona ni heri kutaja vifaa vitatu mlivyovijaribu kuliko kusema kwamba mnakubali vyote. Na kwa kuwa si kila mtu ana marafiki watatu chumbani, tajeni pia kwamba Steam, tangu mwaka 2019, humruhusu mwenye nakala moja kuwaalika wenzake wacheze naye kupitia intaneti kila mmoja akiwa na kidhibiti chake, mradi mwendo wa mtandao uwaruhusu.

Kuhusu pedi yenye nembo yenu, ushauri wangu ni kwamba msiiuze. Nintendo iliweza kufanya hivyo kwa sababu ilikuwa na viwanda, maduka na watu waliokuwa wakiisubiri pedi ileile kwa miaka, na bado mwaka 2014 adapta ziliadimika mno madukani, walanguzi wakazipandisha bei, na mchezaji aliyeahidiwa akabaki anatafuta. Ninyi mtalazimika kuagiza mzigo mkubwa ili bei ishuke, mtaubeba kwa fedha ambazo zingelipia miezi ya kurekebisha gemu, na pedi ya kwanza itakayoharibika itarudi kwenu na si kwa aliyeitengeneza. Zaidi ya hayo, gemu mpya inayokuja na pedi yake humfanya mtu ahisi kwamba bila pedi hiyo atacheza vibaya, na hilo linapingana na kila nilichokueleza hapo juu. Mkitaka kitu cha kushika mkononi, tengenezeni stika za kubandika juu ya pedi ambayo mtu anayo tayari, muwape washiriki wa mashindano madogo mtakayoyaandaa. Siku mtengenezaji wa pedi atakapokuja mwenyewe kuomba nembo, mpeni kwa mkataba wa asilimia ya mauzo, huku gharama ya mzigo usiouzika ikibaki juu yake.